Miadi ya mauzo inayovunjika Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wauzaji, mawakala na wasimamizi wa mauzo wanaowafuata wateja majumbani, madukani, mashambani na maofisini katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Maswali ni yale ambayo wauzaji wa matangi ya maji, mabati, pampu za sola, mabomba ya kupulizia mikorosho, bima na viwanja huyauliza karibu kila wanapokutana, na majibu yametolewa na mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kupanga safari za wauzaji. Mifano mingi inatoka kwenye matangi na mabati, kwa kuwa huko ndiko ninakokufahamu zaidi, lakini anayeuza bima au kiwanja hatapata shida kuigeuza ifanane na bidhaa yake.

Je, ni kweli kwamba wateja wetu hawajali muda?

Si kweli, na msimamizi anayeanza kazi kwa imani hiyo hataweza kuponya tatizo lake. Mteja huyohuyo aliyekukosesha miadi ya Jumatano hufika kwenye mkutano wa AMCOS, yaani chama chake cha msingi cha ushirika, kabla haujafunguliwa, huwahi swala ya Ijumaa, na akisafiri kwenda Dar es Salaam huwa kituoni kabla basi la alfajiri halijawashwa. Muda anaujali sana pale anapoona kwamba jambo ni lake.

Kinachotokea ni kwamba miadi mingi haikuwahi kuwa yake. Muuzaji ametokea mlangoni bila kutarajiwa, ameeleza bidhaa kwa bidii, kisha ameuliza kama anaweza kurudi. Kwa malezi ya huku, kumkatalia mgeni aliyesimama kwenye baraza yako ni jambo gumu, kwa hiyo mwenyeji humwambia arudi Jumatano ili waagane vizuri. Muuzaji huandika miadi kwenye daftari ilhali mwenyeji, kwa upande wake, amemaliza mazungumzo kwa adabu. Jumatano ikifika na mlango ukawa umefungwa, hakuna aliyesahau chochote. Ndiyo maana nasisitiza kwamba miadi nyingi huvunjika siku ileile ilipowekwa, na kwamba ukumbusho, hata ukitumwa mara tatu, hauwezi kuisaidia miadi ambayo upande mmoja haukuikubali kwa moyo.

Basi miadi ya kweli hutambulikaje?

Hutambulika kwa kuwa mteja ametaja shida yake kwa maneno yake mwenyewe, ametaja nani mwingine atahusika katika uamuzi, amechagua siku na saa badala ya kukubali ile uliyomtajia, na ameahidi kufanya jambo dogo kabla hujafika. Hilo la mwisho ndilo linalopuuzwa zaidi, na kwa uzoefu wangu ndilo lenye nguvu kuliko yote.

Chukua mfano wa matangi. Katika vijiji vya Newala na Tandahimba, juu ya Uwanda wa Makonde, maji ya ardhini yako mbali sana chini na familia nyingi hutegemea kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye paa. Mtu akikwambia kwamba anataka tangi, usikimbilie kuandika tarehe. Muulize wakati wa kiangazi anapata wapi maji, anayanunua kwa bei gani, na paa lake lina ukubwa gani. Kisha mwombe ahesabu bati za upande mmoja wa paa, aangalie kama kuna mifereji, na akutajie hesabu hiyo mtakapokutana. Unaweza kumweleza sababu papo hapo: kila milimita moja ya mvua inayoanguka juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji, kwa hiyo paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 20 hukusanya hadi lita 1,200 kabla ya yale yanayomwagika na kupotea. Kutokana na hesabu hiyo mtajua pamoja kama tangi la lita 2,000 linamtosha au atajutia kutochukua la lita 5,000.

Mteja aliyetoka nje jioni, akasimama uani na kuhesabu bati zake, tayari ameanza kununua. Huyo atakusubiri. Yule ambaye hakuhesabu, na ulipompigia akakwambia kwamba hakupata nafasi, amekupa taarifa muhimu pia, kwa sababu umejua hali halisi kabla hujapanda bodaboda.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito. Linganisha maneno haya mawili. La kwanza: "Mzee, nije Jumatano?" Jibu lake ni ndiyo, siku zote. La pili: "Shikamoo mzee. Nisingependa kukusumbua kama jambo hili bado halijafika wakati wake. Je, wiki hii lina nafasi kwako, au tuliache mpaka mambo ya shamba yatulie?" Swali la pili linampa mzee njia ya heshima ya kukataa. Wauzaji wengi huogopa kuifungua njia hiyo wakidhani watapoteza wateja. Wanachopoteza ni safari za bure.

Nani anapaswa kuwepo siku ya miadi?

Kila mtu ambaye asipokuwepo, mazungumzo yataishia kwenye ahadi ya kwenda kushauriana. Mara nyingi huyo ni mwenzi wa ndoa, na usidhani kwamba mume ndiye anayeamua peke yake. Kwenye tangi la maji, mama wa nyumba ndiye anayejua ndoo ngapi hutumika kwa siku, na neno lake lina uzito mkubwa. Panapohusika ardhi, hali ni pana zaidi. Miongoni mwa Wamakonde, Wamwera na Wamakua ukoo umehesabiwa kwa jadi upande wa mama, na katika familia nyingi mjomba bado husikilizwa kuhusu shamba na kiwanja. Muuzaji wa viwanja anayekutana na kijana peke yake, bila kuuliza kama kuna mkubwa wa kushirikishwa, asishangae miadi ya pili ikighairiwa. Uliza mapema, kwa upole: "Ungependa nani mwingine asikie maelezo haya moja kwa moja, ili usipate kazi ya kuyarudia?"

Msimu una uhusiano gani na miadi kuvunjika?

Una uhusiano mkubwa kuliko kitu kingine chochote baada ya yale niliyoyasema hapo juu, na msimamizi anayetumwa huku kutoka nje ya mkoa hulichelewa jambo hili kulielewa.

Fedha nyingi za wakulima wa Kusini huja kwa mawimbi. Ufuta huanza kuuzwa karibu mwezi Mei au Juni, mbaazi hufuata, kisha korosho, ambayo minada yake kwa kawaida hufunguliwa mwezi Oktoba na kuendelea hadi karibu na mwanzo wa mwaka. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwenye korosho mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008, mkulima hapokei fedha anapokabidhi mzigo. Hupeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, mzigo husafirishwa hadi ghala kuu, hupigwa mnada chini ya chama kikuu cha ushirika kama MAMCU, TANECU, RUNALI au Lindi Mwambao, mnunuzi hulipa, na baada ya makato ndipo fedha huingia benki kwenye akaunti ya mkulima. Katika mlolongo huo hakuna siku ambayo mkulima anaweza kuitaja kwa uhakika. Kwa hiyo unapomlazimisha akupe tarehe ya "baada ya malipo", unamlazimisha akisie, na kisio lake likikosea ni wewe utakayekuta nyumba tupu, kwa sababu ni aibu kumkaribisha muuzaji wakati mfukoni hamna kitu.

Suluhisho ni kuifunga miadi kwenye tukio badala ya tarehe. Kubalianeni hivi: mzigo wako umo kwenye mnada upi? Fedha zikiingia, utanipigia, nami nitafika ndani ya siku tatu. Kisha wewe mwenyewe fuatilia. Matokeo ya minada yakishatangazwa, zungumza na watu wa chama cha msingi ujue ni mnada upi umeshalipwa, na umpigie mteja siku ambayo ana sababu ya kuzungumza nawe. Daftari lako liwe na safu ya jina la chama cha msingi cha kila mteja. Safu hiyo moja ina faida kuliko programu nyingi za simu zinazouzwa kwa ajili ya kupanga miadi.

Msimu huathiri pia saa za siku. Kuanzia karibu Mei au Juni hadi Agosti na Septemba wakulima hupulizia mikorosho dawa za kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, na salfa ya unga hupulizwa alfajiri na asubuhi na mapema, wakati majani yana umande na upepo haujaanza. Miadi ya saa tatu asubuhi katika miezi hiyo ni ya kujitakia hasara. Nenda alasiri. Likizo za shule nazo zina mambo yake, kwa sababu ndipo shughuli nyingi za jando na unyago hufanyika, na familia yenye mwali ndani haina nafasi wala fedha ya kuzungumzia bati.

Saa gani huvunjika kidogo zaidi?

Hutegemea kazi ya mteja. Mwenye duka mjini Mtwara au Lindi hupatikana vizuri mchana wakati wateja wake wamepungua, lakini usimfuate Ijumaa kati ya saa sita na saa nane. Mwalimu na mtumishi mwingine wa umma apangiwe baada ya saa za kazi, na kama ununuzi unategemea mshahara, siku chache baada ya mwisho wa mwezi. Mvuvi wa Mikindani, Msimbati au Kilwa Kivinje haendi kwa saa ya ukutani bali kwa mwezi na maji: wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hufanya kazi usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi inapokuwa kubwa, kwa hiyo muulize siku za giza zinaisha lini, kisha mpange baada ya hapo. Wakati wa Ramadhani, ambayo kila mwaka huanza mapema zaidi kwa takriban siku 11, miadi ya saa za mwisho kabla ya futari huwa haina tija. Asubuhi ni bora.

Kuna kosa dogo linalogharimu safari nyingi. Ofisi huandika saa kwa tarakimu za simu, mteja husoma kwa saa za Kiswahili. Ujumbe unaosema "miadi yako ni 3:00" humfanya mmoja afike saa tatu asubuhi na mwingine saa tisa alasiri, na kila mmoja akaondoka akiamini kwamba mwenzake ni mwongo. Andika kwa maneno na utaje kipindi cha siku: saa tisa alasiri. Kwa wazee wengi wa pwani ni wazi zaidi ukisema "baada ya swala ya alasiri", mradi usisahau kwamba baada ya swala mtu husalimiana na watu na kutembea hadi nyumbani.

Ziachwe siku ngapi kati ya kuweka miadi na kukutana?

Chache iwezekanavyo. Siku mbili au tatu zinatosha kwa mteja aliye tayari, na nisingependa zizidi saba isipokuwa mnasubiri malipo ya mazao.

Ukumbusho utumwe lini, na uandikweje?

Utumwe jioni ya siku inayotangulia, kwa ujumbe mfupi wa kawaida, kwa sababu vijijini wengi hawawashi data wakati wote na ujumbe wa WhatsApp unaweza kufika wakati miadi imeshapita. Asubuhi ya siku yenyewe piga simu fupi kabla hujaondoka. Zaidi ya hapo ni kero.

Ujumbe useme wewe ni nani, mlionana wapi, unakuja kufanya nini, saa ngapi, na umwachie mlango wa kuahirisha. Kwa mfano: "Shikamoo mama. Ni mimi wa matangi, tulionana Kitangari Jumamosi. Kesho Jumatano saa kumi jioni nitafika kwako kupima paa kama tulivyokubaliana, na baba naye awepo. Nitaondoka Newala saa tisa. Kama kesho kuna jambo, niambie tu tupange siku nyingine, hakuna ubaya." Taja na jina lako, bila shaka. Sentensi inayosema utaondoka saa ngapi na kutokea wapi si pambo: mtu akijua kwamba mwenzake anaanza safari muda fulani, huona uzito wa kumjulisha kabla ya muda huo. Na sentensi ya mwisho ndiyo inayoleta simu za kuahirisha mapema, ambazo wasimamizi wengi huziona kama hasara wakati zinaokoa nauli na siku nzima.

Nifanye nini mteja asipopokea simu?

Kwanza, fikiria namba yako. Watu wamechoshwa na matapeli wa mitandao ya simu, wale wanaotuma ujumbe wa kutaka fedha itumwe "kwenye namba hii", kwa hiyo namba ngeni mara nyingi haipokelewi. Siku mnapoweka miadi, mpigie hapohapo mbele yake ili namba yako ibaki kwenye simu yake, na umwombe aihifadhi kwa jina atakalolikumbuka, hata kama ni "Fundi Tangi". Pia muulize ana laini ngapi na ipi huwa hewani nyumbani, kwa sababu mtandao unaoshika vizuri Masasi mjini si lazima ushike kijijini kwake. Ukikosa kumpata kabisa, usisafiri. Piga mara mbili kwa saa tofauti, acha ujumbe, nenda kwa mteja anayefuata.

Je, tudai malipo ya awali ili mteja asikose?

Kwa ziara ya kwanza, hapana. Mtu ambaye hajaona bidhaa yako na anayeombwa atume fedha kwa simu ana kila sababu ya kukuhesabu miongoni mwa matapeli niliowataja. Kwa hatua ya pili, yaani kwenda na fundi kupima, kuchimba au kujenga msingi wa tangi, ni halali kuomba kiasi kidogo, kwa sharti kwamba kitakatwa kwenye bei ya mwisho, kwamba mteja atapewa stakabadhi, na kwamba ameelezwa waziwazi kitarudishwa lini na hakitarudishwa lini. Kiasi hicho kiwe cha kuonyesha nia tu. Anayekitumia kama faida ataharibu jina la wenzake wote wanaouza bidhaa hiyo.

Naweza kuweka wateja wawili saa moja, mmoja akikosa nimpate mwingine?

Nakuomba usifanye hivyo. Wote wawili wakiwepo, mmoja atakaa barazani akikusubiri, na kijiji kizima kitajua. Badala yake panga kwa njia: wateja wa Nanyamba, Mahuta na Tandahimba siku moja, wa Ndanda na Masasi siku nyingine, wa Mingoyo na Mtama siku nyingine. Halafu kwenye kila njia uwe na orodha ya watu ambao hawana miadi lakini wamesema ukipita wakati wowote uwasalimie. Mmoja akighairi, saa yako inahamia kwa hao. Wateja wa zamani wanafaa sana kwenye orodha hiyo, maana ukipita kuangalia kama koki ya tangi haivuji, hutoki bila kutajiwa jirani anayetaka la kwake.

Mteja ameghairi nikiwa njiani. Nimwambie nini?

Mshukuru kwa kukujulisha, usimweleze nauli uliyotumia, na usimuulize sababu kwa sauti ya askari. Sema tu kwamba unapita eneo hilo tena siku fulani na fulani, achague. Akichagua, hiyo ni miadi mpya na ifuate masharti yaleyale ya miadi ya kwanza. Akisema atakupigia, mwache, kisha umtafute wewe baada ya wiki moja.

Kukiwa na msiba?

Biashara inasimama. Ukisikia kwamba miadi imevunjika kwa sababu ya msiba, toa pole kwa simu, na kama uko karibu na unafahamiana na familia, fika ukae na wafiwa kama mtu mwingine yeyote, bila fulana ya kampuni na bila karatasi za bei. Usitaje tangi. Subiri mpaka matanga yaishe, na hata hapo anza kwa kumjulia hali. Nimeona wauzaji wakipangiwa na ofisi zao idadi ya ziara za siku bila nafasi ya kuacha jambo kama hili, na hilo ni kosa la ofisi, si la muuzaji. Msimamizi aruhusu, na aandike sababu hiyo peke yake kwenye kumbukumbu ili isihesabiwe kama uzembe wa mtu yeyote.

Mvua na barabara tuvipangie vipi?

Mikoa hii ina msimu mmoja mrefu wa mvua, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mei 2024, mvua kubwa pamoja na kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu ya Kusini eneo la Somanga, na mizigo iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam ikakwama. Muuzaji aliyekuwa ameahidi tangi kwa tarehe fulani alilazimika kuahirisha bila kosa lake. Katika miezi hiyo usimwahidi mteja siku ya kufikishiwa bidhaa kabla mzigo haujafika ghalani Mtwara au Lindi. Mwahidi siku ya kupimiwa paa tu. Kwa barabara za udongo za vijijini, mpigie mwenyeji asubuhi umuulize hali ya njia. Yeye anajua kuliko mtu yeyote, na akishakueleza upitie wapi, anakusubiri kama mgeni wake.

Na sisi wenyewe tukichelewa au tukakosa?

Hili huulizwa mara chache mno kuliko inavyostahili. Mteja aliyeacha palizi, akavaa shati safi na kukaa uani kwa saa mbili akimsubiri muuzaji asiyetokea, hatakuja kuwa na miadi nawe tena, na majirani waliomwona amekaa hapo watakuwa na majibu yao tayari utakapofika kwao. Ukichelewa dakika 15, piga simu kabla saa haijafika. Ukishindwa kufika, mpigie wewe mwenyewe, usimtume mwenzako, na umpe nafasi ya kwanza ya siku inayofuata. Kwenye daftari, miadi tuliyoikosa sisi iwe na safu yake. Timu nyingi hazina safu hiyo, na ndiyo maana huamini kwamba tatizo lote liko kwa wateja.

Miadi na shule, hospitali na halmashauri nayo ifuate utaratibu huu?

Hapana, hiyo ina njia yake. Anza na barua, ipokelewe masjala na kugongwa muhuri, kisha ufuatilie kwa katibu muhtasi, ambaye ndiye anayejua kama mkuu yuko safarini Dodoma au kwenye kikao. Heshimu kazi yake. Akikuona kila mara unamruka, kalenda haitafunguka. Kumbuka mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na ununuzi wa umma sasa hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, kwa hiyo afisa anayeahirisha miadi yako mwezi Juni huenda hana fungu la kukununulia kitu, na hata akiwa na hamu, hawezi kukupa oda mezani. Mwombe miadi ya kueleza bidhaa tu, iwe fupi, na uulize ni lini mpango wa ununuzi wa mwaka unaofuata unaandaliwa.

Tupime nini ili tujue kama hali inakuwa nzuri?

Chukulia kwamba muuzaji alipanga miadi 20 kwa wiki na 12 ikatimia. Asilimia ya mahudhurio ni 60, lakini namba hiyo peke yake haisemi mengi. Igawe ile 8 iliyobaki: ngapi mteja alikosa bila taarifa, ngapi aliahirisha mapema na mkapanga upya, ngapi alighairi kabisa, ngapi tulikosa sisi, na ngapi zilizuiwa na msiba au barabara. Muuzaji mwenye miadi 8 iliyovunjika, ambapo 5 kati yake mteja alipiga simu siku moja kabla, anafanya kazi nzuri kuliko mwenzake mwenye 4 tu, zote za mlango uliofungwa. Ukiona kundi la kukosa bila taarifa ndilo kubwa, usiongeze ukumbusho. Mfuate muuzaji siku anapoweka miadi, umsikilize anavyouliza.

Onyo moja kwa wasimamizi. Ukilipa bonasi kwa idadi ya miadi iliyowekwa, utaletewa miadi ya adabu kwa wingi. Lipa kwa iliyotimia.

Kuna sheria yoyote kuhusu namba na taarifa za wateja tunazoandika?

Ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu pia mfanyabiashara anayekusanya majina, namba na mahali anapoishi mtu. Mweleze mteja kwamba namba yake utaitumia kwa ajili ya miadi na huduma ya bidhaa, usiiuze wala kumpa muuzaji wa bidhaa nyingine bila ridhaa yake, na akitaka ifutwe, ifute. Daftari la miadi lisiachwe wazi juu ya meza ya duka.

Nimwache mteja lini?

Akikosa mara moja bila taarifa, mpangie tena. Akikosa mara ya pili, mwandikie ujumbe mmoja unaomwondolea mzigo, ukisema kwamba unaelewa ana mambo mengi, kwamba hutamsumbua tena, na kwamba namba yako ni hii siku atakapokuwa tayari. Usiandike kwa hasira wala kwa mafumbo. Kisha mhamishie kwenye orodha ya msimu, pamoja na jina la chama chake cha msingi, na umpigie mara moja tu fedha za mnada wake zitakapokuwa zimelipwa. Baadhi yao hupiga wenyewe kabla ya hapo, mara nyingi mvua za kwanza zinapoanza kugonga bati na maji yote yakawa yanapotelea uani.